Usinunue orodha ya machimbo, kaitembee Kariakoo mwenyewe



Leo sijaja na mbinu ya kupata wateja mia kwa siku. Nimekuja na maoni yangu, na najua kuna watu yatawauma, hasa wale wanaouza orodha za "machimbo" kwenye magrupu ya WhatsApp.

Maoni yangu ni haya: kama unauza mtandaoni na mzigo wako unatoka Kariakoo, alafu hujawahi kuitembea Kariakoo kwa miguu yako, siku nzima, bila haraka, basi unamfanyia mtu mwingine biashara yake. Faida anakula yeye, hasara unabeba wewe.

Nasema hivyo kwasababu yalinikuta.

Nilimaliza kidato cha nne hapahapa Bariadi, sikuendelea na shule. Nikaanza kuuza pochi na viatu vya kike kwenye status. Fremu sina, stoo yangu ni uvungu wa kitanda cha mama. Ikafika msimu wa pamba, na nyie wa Simiyu mnajua pamba ikishauzwa hela inavyotembea mtaani. Wateja kumi na mmoja wakanitumia advansi. Nikalipia elfu kumi nikaungwa kwenye grupu la machimbo, nikapewa namba, nikatumiwa picha kali, nikatuma 380,000.

Mzigo ulikuja kweli. Lakini kufungua boksi nakuta viatu ni saizi 36 na 37 tupu, wakati wateja wangu wengi ni 39 mpaka 41. Pochi nazo zipu hazifungi. Nikipiga simu naambiwa, "Dada, mzigo ukishatoka haurudi." Baadae simu ikawa haipokelewi kabisa.

Ile advansi ya watu nilikuwa nimeshaituma yote. Nilirudisha hela mteja mmoja mmoja kwa miezi mitatu, na mama aliuza mbuzi wawili. Mmoja wa wale wateja ni mwalimu aliyenifundisha. Mpaka leo tukikutana sokoni ananiitikia salamu vizuri tu, ila hajawahi kuniagiza kitu tena. Hilo liliniuma kuliko ile hela.

SAFARI YA KWANZA NILIENDA KAMA NAKIMBIZWA

Nikajisemea, sasa naenda mwenyewe. Nikapanda basi, nikashuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi nimechoka, nikaenda moja kwa moja Kariakoo na karatasi yangu mkononi. Kabla sijavuka barabara kijana akanidaka: "Dada yangu unatafuta nini, njoo nikupeleke."

Huyo anaitwa winga. Winga sio mwizi jamani, tusiwasingizie. Ni kijana anatafuta riziki yake, anakupeleka dukani na anaweka cha juu chake. Ukiwa na haraka na hujui kitu anakusaidia sana. Ila alinipeleka maduka matatu, nikanunua kila kitu, saa nane mchana nimemaliza, jioni nikawa najisifu kwamba najua kuhemea mjini. Kumbe kwenye kila pochi nimelipia na miguu yake.

SAFARI YA PILI NILITEMBEA BILA KUNUNUA

Safari ya pili nikabadilisha. Siku ya kwanza hela niliiacha kwenye simu, mkononi nina nauli na ya kula tu. Nikajiambia leo mimi ni mgeni, natembea kuona mji. Hiyo siku ndo iliyonifungulia fremu niliyonayo sasa.

Nilianzia mtaa wa Msimbazi, yalipo makao makuu ya Simba. Wananchi msininunie, Yanga mko hapohapo jirani, Jangwani. Unajifunza nini hapo? Ukiona wamachinga wameanza kutandaza jezi, skafu na kofia za rangi mbili zile, ujue dabi inakaribia na hiyo rangi itauzika mpaka Bariadi. Mimi nilirudi na vibanio vya nywele vyekundu na vya njano, viliisha ndani ya siku nne.

Nikaingia Kongo. Pale hutembei, unasukumwa. Huku nguo zimetandikwa chini, huku mtu anapiga kelele za bei kwenye spika, nyuma yako mkokoteni unataka kupita. Mimi Msukuma wa Bariadi napishwa njia na wasukuma mikokoteni, nikacheka peke yangu. Nikaona pochi ileile niliyonunua safari ya kwanza kwa 22,000. Sikuuliza bei. Nikakaa pembeni kwa muuza kahawa, nikanywa kahawa na kashata, nikaangalia watu wanaobeba maboksi wanatokea wapi.

Walikuwa wanatokea kwenye ngazi za ghorofa. Nikapanda. Ghorofa ya tatu kuna korido nyembamba, milango midogo, haina bango wala taa za kuwaka. Pochi ileile, lebo ileile, ni 15,500 ukichukua kuanzia nusu dazeni. Tofauti 6,500 kwa pochi moja! Na niliambiwa niifungue zipu mwenyewe, nichague saizi na rangi mwenyewe.

Nikaendelea. Aggrey ni simu na vifaa vyake, mitaa inayoenda Gerezani ni spea na vyuma, barabara ya Uhuru ni kanga na vitenge. Nikatokea Mnazi Mmoja nikapumzika chini ya mti. Mtaa wa Lumumba uko pembeni hapo, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tulisoma darasani tukakariri tarehe, sikuwahi kujua ni pale tunapopita na mabegi yetu ya salfeti.

Hata jina lenyewe Kariakoo tunalitaja tu. Limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Walikuwa na kambi yao hapo. Yani mtaa wa wabeba mizigo, na mpaka leo sisi tunaenda hapo kubeba mizigo. Soko kuu lenyewe lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, msanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Paa lake ni kama miavuli iliyogeuzwa, ili likusanye maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, likaja kukarabatiwa na likajengwa jingine pembeni yake.

Najua kuna mtu anajiuliza, dada historia inaniuzia viatu? Ndio, inauza. Nilipiga video fupi ya sekunde 30 nikieleza jina la Kariakoo limetoka wapi huku natembea Kongo, nikaiweka status. Watu waliniuliza maswali kuliko siku zote nilizoposti viatu. Mteja akiona uko pale, unatembea, unashika mzigo kwa mkono wako, anakuamini. Picha za kuazima kila mtu anazo.

WENZETU WANAKWENDA MBALI KUTEMBEA TU

Kuna mji Vietnam unaitwa Hanoi. Sehemu yake kongwe mitaa inaitwa kwa majina ya bidhaa. Hang Bac ni mtaa wa vitu vya madini ya fedha, Hang Ma ni mtaa wa vitu vya karatasi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kwenda kuzurura kwenye ile mitaa, wanakaa kwenye vistuli vifupi pembeni ya barabara wanakula supu ya tambi, wanaangalia pikipiki zinavyopishana. Hiyo kwao ni starehe wanayoilipia.

Sisi Kariakoo tunayo, tena iko nchini kwetu, tunapita mbio tumekumbatia begi kifuani. Kukumbatia begi sawa, vibaka wapo. Ila ukipita mbio huoni kitu, na usichokiona ndo unauziwa na mtu kwenye grupu kwa elfu kumi.

"DADA, MTAJI WANGU NI LAKI MBILI, NITAENDAJE DAR?"

Hili swali ni la haki, nisilikwepe. Dar kutoka kwetu ni mbali, unalala ndani ya basi. Mimi safari yangu nauli kwenda na kurudi, gesti na kula ilifika 240,000. Ukigawanya kwa ile tofauti ya 6,500, ni lazima uuze pochi 37 ndo safari ijilipe. Kwa mwenye mtaji wa laki mbili haiwezekani, na asikudanganye mtu kwamba ukope uende.

Fanya hivi.

Moja. Anza na Mwanza. Kutoka Bariadi unapita Lamadi, Magu, umefika. Asubuhi unatoka, jioni umerudi. Tembea Makoroboi mpaka miguu iume, nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, uliza bei maduka kumi usinunue hata moja, alafu rudi kwa yule wa bei nzuri. Bei ya Mwanza iko juu kidogo ya Dar kwa vitu vingi, ila macho yako utakuwa nayo.

Mbili. Changeni. Watu wanne mnaouza vitu tofauti, kila mmoja 60,000, mnapata ile 240,000. Anakwenda mmoja, anawapigia video mkiwa mnaona, anawachagulia. Safari inayofuata anakwenda mwingine. Andikeni makubaliano kwenye daftari, hata kama ni marafiki. Hasa kama ni marafiki.

Tatu. Ukifika, siku ya kwanza usinunue. Najua inauma kulipia gesti siku ya ziada. Mimi ile gesti ya ziada ilikuwa elfu ishirini, na pochi nne tu za bei ya ghorofani ziliirudisha na chenji ikabaki.

Nne. Panda ngazi. Maduka ya chini mbele ya barabara yanalipa kodi kubwa ya pango, na hiyo kodi inaingia kwenye bei yako.

Tano. Kabla ya kulipa, fungua zipu, vuta mkanda, pima saizi, hesabu pisi. Dai risiti ya EFD, usikubali "nikupe bila risiti nikupunguzie". Mzigo ukikamatwa njiani bila risiti hiyo punguzo utaijutia.

Sita. Chukua namba za maduka matatu ya bidhaa moja, usitegemee moja. Mei 2023 na Juni 2024 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, maduka yakafungwa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka palepale Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakafariki, Mungu awapumzishe. Hao ni watu tunaowapigia simu kila siku "bosi nitumie mzigo". Nenda ukawaone sura zao. Mimi yule mama wa ghorofa ya tatu sasa hivi ananitumia mzigo kwenye basi, tunamalizana ukifika, kwasababu tulikaa pamoja tukala chipsi mayai kwenye sahani moja. Hilo chimbo hakuna grupu litakuuzia.

Sisemi usiagize kwa simu. Mimi mwenyewe naagiza kwa simu wiki karibu zote, siendi Dar kila mwezi, hela hiyo sina. Nasema uagize kwa mtu unayemjua, duka uliloingia, mtaa uliotembea. Simu ije baada ya miguu.

Na kwa wale wenzangu mnaouza orodha za machimbo: kama duka mnalijua kweli, mpeleke mtu akalione. Mnapouza namba ya mtu msiyemjua, kuna binti huku wilayani anatuma advansi za majirani zake, na ni yeye atakayebaki kijijini na aibu.

Wewe mwenye mtaji mdogo usikate tamaa. Anza na Makoroboi mwezi huu. Ukirudi niandikie hapa umeona nini na bei gani, tusaidiane. Na kama kuna mtu anapanga kwenda Dar kabla ya msimu wa shule kufunguliwa, aseme mapema, tupo watatu tunatafuta wa nne.