Kivinjari kizee cha ofisini hakistahili huruma

Kila mtengeneza tovuti akilalamikia vivinjari vya zamani, hakosi mtu wa kumjibu: "Mfikirie mwananchi mwenye simu ya bei nafuu." Huo ni ujanja. Mwananchi huyo hajawahi kunisumbua. Anayenisumbua ana ofisi yenye kiyoyozi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Internet Explorer 6 ilitoka Agosti 2001, Netscape ikiwa hoi tayari. Microsoft ilipokosa mshindani ikalala. Toleo la 7 lilikuja Oktoba 2006. Miaka mitano! Picha za PNG zenye mandhari angavu zilitokea zikiwa na madoa ya kijivu. Ukiweka tamko la XML juu ya doctype, kivinjari kilirudia hesabu yake ya kale, kikaingiza pambizo za ndani katika upana wa kisanduku, na mpangilio mzima ukavurugika kwa sababu ya mstari mmoja. (Wapo wanaosema hesabu hiyo ndiyo bora, na CSS ya leo inakuruhusu kuichagua kwa box-sizing. Sawa, lakini tatizo lilikuwa vivinjari viwili kusoma msimbo mmoja kwa njia mbili.)

Katika usingizi huo ndipo maofisi mengi duniani yalipojenga mifumo ya ActiveX isiyofunguka kwingine kokote. Microsoft ilistaafisha Internet Explorer 11 tarehe 15 Juni 2022, lakini ndani ya Edge ikaacha hali ya kuiga mzee huyo, na imeahidi kuitunza angalau hadi 2029. Basi wazembe wamepata nyongeza ya muda.

Mteja mmoja alitaka mfumo wake mpya ufanye kazi "hata kwa ile ya zamani", kwa bei ileile. Kompyuta zake zote zina Edge, bure. Asichotaka ni kulipia kuandikwa upya kwa mfumo wake wa mishahara, hivyo gharama hiyo anataka niibebe mimi, usiku, kwa macho yangu. Huo si umaskini, ni deni lake analonisukumia. Siku hizi kazi hiyo naiandika peke yake kwenye makadirio, na bei yake haichekeshi.

Sasa mtazame yule mwananchi. Anatumia Opera Mini kuokoa bando. Katika hali ya kubana zaidi, seva ndiyo inayofungua ukurasa na kuubana kabla ya kumtumia. Javaskripti inapewa sekunde chache hukohuko kwenye seva, kisha basi. Au ana simu ya Android 7, ambayo Chrome yake iliishia toleo la 119 mwaka 2023. Hawezi kusasisha chochote bila kununua simu nyingine. Huyu hakuchagua, na kumhudumia ni rahisi: fomu ya HTML ya kawaida inayotumwa kwa seva, javaskripti ije baadaye kama pambo.

Lakini tunafanya nini? Tunakesha wiki mbili tukimbembeleza mzee wa ofisini, kisha huyu wa simu tunamfungia mlango kwa bango la "Tafadhali sasisha kivinjari chako". Asasishe kwa nini, kwa maombi? Ukurasa wa kulipia karo unahitaji nambari ya mwanafunzi, kiasi cha pesa na kitufe kimoja. Hiyo megabaiti 3 ya javaskripti ni ya nani?