Vijana wa Ukambani, tunauza afya na kununua presha

Hebu pita steji ya Wote au ya Kitui mjini jioni uangalie mizigo. Magunia ya ndengu na makreti ya maembe na machungwa yanapakiwa kwenda Nairobi na Mombasa. Halafu tazama mikono yetu sisi tunaosubiri matatu: chipsi zinazong'aa mafuta, smokie iliyopasuliwa, soda baridi. Chakula kinacholinda moyo tunakiweka kwenye lori, kinachouumiza tunakitia tumboni.

Ukimwambia kijana maneno haya, atacheka. Ati presha ni mambo ya akina susu na umau kule kijijini. Anaenda kwa duka la dawa kumchukulia nyanyake tembe za presha kila mwezi, lakini mkono wake mwenyewe haujawahi kufungwa ile mashine ya kupimia.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 uliohusu Wakenya wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Angalia hiyo miaka tena: inaanzia 18. Mimi na wewe tumo.

Shida ya presha ni kwamba haina kelele. Unaamka poa, unaenda job, unacheza boli Jumapili. Ndani kwa ndani, damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Mishipa inakuwa migumu na mafuta yanajijenga ndani yake. Miaka inapita, kisha siku moja damu inakosa kufika kwenye moyo au kwenye ubongo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na anayeanguka kwa kiharusi akiwa na miaka 38 mara nyingi ndiye anayelipa karo ya wadogo wake na kodi ya nyumba. Nyumba nzima inaanguka naye.

Najua utaniambia maisha ni magumu. Chipsi ni za haraka, ndengu zinakula makaa na muda. Ni kweli, na siwezi kumlaumu mtu wa boda anayekula akiwa juu ya pikipiki. Lakini kwani mama wa kibanda hapo nyuma ya steji hapiki ndengu, muthokoi na sukuma? Anapika, na mara nyingi sahani yake inashibisha kuliko hizo chipsi. Tatizo letu lingine ni sifa. Tumejiaminisha kuwa muthokoi ni chakula cha ushamba na soda ni ya watu wa mjini.

Chumvi nayo tumeizoea mno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya soseji na krips. Sisi hata embe tunalipaka chumvi na pilipili! Na maji ya visima vingi vya Kitui na Makueni tayari yana chumvi. Ukiongeza nyingine mezani kabla hata ya kuonja, unajitafutia nini?

Sigara haina mjadala: iache. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Muguka na miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hivyo usijidanganye kuwa ni majani tu. Pombe punguza. Mwendo nao ni wa bure: dakika 150 kwa wiki zinatosha, na hizo ni kutembea haraka nusu saa kwa siku tano. Boda ya kutoka steji hadi kwa nyumba unaweza kuiacha leo.

Juu ya yote, pimwa. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, na kwenye mikoba yao mna mashine ya presha. Muulize wa mtaa wako. Chama chenu kikikutana au steji yenu ya boda ikiwa na mkutano, mwalikeni awapime wote kabla ya kuhesabu pesa. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, usikimbilie kununua tembe za nyanyako. Pimwa tena siku nyingine, na ikibaki hapo, muone daktari. Wengine wetu watakuta iko sawa na kurudi kazini. Mmoja wetu huenda akashtuka, na ni huyo tunayemtafuta mapema.