Bei ya Mlo na Thamani Yake

Kula ni jambo la kila siku, na kwa sababu ni la kila siku watu wachache hulifikiri. Mtu hufikiri sana anaponunua shamba, ng'ombe au baiskeli. Lakini fedha zipitazo kinywani hupita kimya, na hesabu yake haiandikwi popote. Insha hii yataka kuiandika hesabu hiyo. Swali lake ni hili: je, yafaa mtu wa kipato cha kawaida atoe fedha nyingi, pengine mshahara wa juma zima, kwa mlo mmoja katika hoteli ya fahari?

Usidhani, msomaji, kwamba swali hili ni la matajiri wa Nairobi na Mombasa peke yao. Limefika Kakamega. Limo vinywani mwa vijana wanaomaliza mafunzo ya ualimu na kungojea mshahara wa kwanza. Limo pia katika mazungumzo yenu mabwenini, mnapohesabu mtakayofanya baada ya mtihani wa mwisho. Wengi husema, "Siku nitakayoshika fedha zangu mwenyewe, nitakwenda mahali pakubwa, niketi, nile kama watu." Maneno mawili ya mwisho, "kama watu", ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Kwani waliotulea kwa ugali wa wimbi na mrenda walikuwa wakila kama nani?

Maoni juu ya jambo hili yamegawanyika pande mbili. Kuna wasemao kwamba mlo wa ghali ni wazimu mtupu: tumbo halijui bei, na kilicholiwa usiku hakina jina asubuhi. Kuna wasemao kwamba maisha ni mafupi, na mtu asiyeonja kitu kizuri walau mara moja amepita duniani kama mgeni asiyekaribishwa. Sikubaliani na upande wowote. Wa kwanza wamesahau kwamba binadamu hali kwa tumbo tu. Wa pili wamesahau kuuliza ni nani akaribishwaye, na ni nani alipaye. Nasema hivi: gharama ya chakula huwa na thamani inapomheshimu mtu mwingine, hupotea bure inapotumiwa kununua macho ya watu.

Tuipasue bei ya mlo huo kama mpishi apasuavyo kuku, tuone kila kipande ni cha nani. Kipande cha kwanza ni chakula chenyewe: nyama, samaki, mboga, mafuta na viungo. Katika biashara ya hoteli, kwa kawaida hiki huwa kama theluthi moja ya bei, na pengine pungufu. Cha pili ni kazi ya mikono: mpishi, msaidizi wake, mwosha vyombo na mhudumu. Cha tatu ni mahali: jengo, taa, viti na vitambaa vyeupe. Cha nne ni cha serikali, ambayo hapa Kenya hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16. Cha tano ni faida ya mwenye hoteli. Vipande hivi vitano vyote ni halali, na anayevilipia hakudhulumiwa. Lakini kipo kipande cha sita, ambacho hakiandikwi katika hati ya malipo. Nacho ni fahari ya kuonekana.

Utakijuaje kipande hicho? Mwulize aliyetoka katika meza hiyo alikula nini. Akikueleza ladha ya samaki, na namna mpishi alivyomkolezea ndimu na tangawizi, basi amepata haki yake. Akikueleza taa, na magari yaliyokuwa nje, na watu wakubwa walioketi karibu naye, tena akakuonyesha picha ya sahani asiyekumbuka kilichokuwa ndani yake, ujue alilipia kipande cha sita, na hivyo vingine alipewa kama nyongeza.

Fahari hii ina historia. Nyumba za kulia chakula za namna tunayoizungumza zilianza kustawi Paris katika karne ya 18. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalipowatawanya makabaila wengi, baadhi ya wapishi wao walifungua nyumba zao wenyewe. Hapo mtu mwenye fedha, hata kama hakuwa na ukoo wa kutajika, aliweza kuketi na kuhudumiwa kama bwana mkubwa. Basi tangu zamani bidhaa za nyumba hizo zilikuwa mbili: chakula, na saa chache za kuwa bwana mkubwa. Chakula hubaki mwilini. Ubwana huisha mtu anapotoka mlangoni.

Leo, Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, mikahawa mikubwa hujivunia nyota za Michelin. Je, wajua nyota hizo zatoka wapi? Michelin ni kampuni ya Kifaransa itengenezayo matairi. Mwaka 1900 ilitoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari, kwani kadiri watu wanavyosafiri ndivyo matairi yanavyochakaa, na yakichakaa hununuliwa mengine. Mwaka 1926 kitabu hicho kilianza kutoa nyota kwa mikahawa mizuri. Na nyota tatu, ambazo ndizo za juu, maana yake ni kwamba mkahawa huo wastahili kufungiwa safari. Sisemi kwamba wakaguzi wake ni waongo. Kazi yao inasifiwa kwa uangalifu. Nasema tu kwamba cheo ambacho watu hukitamani kama taji kilizaliwa katika biashara ya matairi. Kijana akijua hivyo, hatatetemeka tena mbele ya mlango wa hoteli kana kwamba anaingia mahali patakatifu.

Tazama na upande wa jikoni. Mkahawa wa Noma, mjini Copenhagen, ulitajwa mara kadhaa kuwa bora kuliko yote duniani. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu ya kazi yake ilifanywa na wanagenzi wasiolipwa. Ulianza kuwalipa mwaka 2022, na mwanzoni mwa mwaka 2023 mpishi wake mkuu, René Redzepi, alitangaza kwamba namna ile ya kuendesha mkahawa haiwezi kudumu. Mgeni alilipa mamia ya dola, na bado baadhi ya mikono iliyomwandalia sahani ilitoka mitupu. Bei kubwa, basi, haithibitishi kwamba waliopika wametendewa haki.

Sasa turudi kwetu, tuone kama sisi hatukuwa na mlo wa gharama. Tulikuwa nao, na tungali nao. Katika nyumba ya Mluhya kuku, yaani ingokho, hapikwi kwa njaa tu. Nyumba ilayo ugali na mboga juma zima humkamata jogoo mgeni wa heshima anapoingia. Jogoo huyo angeweza kupelekwa soko la Lubao, kando ya njia iendayo Webuye, na fedha zake zikasaidia karo. Kwa hesabu ya duka, kumchinja ni ubadhirifu. Tena ni mlo wa ghali kupita ule wa hoteli, kwa kuwa tajiri hutoa sehemu ndogo ya mali yake, na mama huyu ametoa akiba iliyokuwa ikiwika uani. Lakini nani amewahi kumwita mbadhirifu? Firigisi hupewa mwenye heshima yake, vipande hugawanywa kwa mpango unaojulikana, na mgeni huondoka akijua mahali pake katika nyumba ile. Mama mwenyewe pengine amekula shingo tu, na usiku hulala ameshiba furaha. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata vyakula vyetu vya siku zote, ambavyo baadhi yenu mmeanza kuvionea haya, vina heshima ambayo wengine wameiona kabla yetu. Kuanzia mwaka 2007 wataalamu na jamii za Kenya, wakishirikiana na UNESCO, walifanya kazi ya kuorodhesha na kuhifadhi vyakula vya asili. Miongoni mwa jamii za kwanza kufanyiwa kazi hiyo walikuwa Waisukha wa hapa hapa Kakamega, pamoja na Wapokoti. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo katika daftari lake la mifano bora ya kulinda urithi. Nazo managu, saga na mrenda sasa huandikwa katika orodha za vyakula za hoteli za Nairobi. Je, si ajabu kijana wa Shinyalu kukopa nauli na fedha za mlo, ili akale kwa bei ya mara kumi mboga aliyoikataa kwa nyanya yake?

Naja sasa kwenye hatari yenyewe. Upande wa Mumias muwa huchukua mwaka mmoja na nusu, au zaidi, hata ukomae. Tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, mpaka kilipowekwa chini ya msimamizi kwa ajili ya madeni mwaka 2019, hadithi moja ilisimuliwa tena na tena. Mkulima hupokea malipo yake, huenda mjini, hukodi chumba, huagiza nyama na vinywaji, na huwaita mezani marafiki waliozaliwa siku hiyo hiyo. Siku ya nne hurudi kwao kwa miguu. Na mkewe, aliyepalilia miwa ile, hupata habari za karamu bila kuionja. Wakulima wote hawakuwa hivyo, na wengi walisomesha watoto kwa miwa. Lakini hadithi hiyo haikudumu bila sababu. Hasara ya mtu huyo haikuwa nyama. Nyama ni njema. Hasara yake ni kwamba waliostahili kuketi mezani hawakuitwa.

Siku hizi hatari imezidi, kwa kuwa mtu hana haja ya kungojea hata muwa ukomae. M-Pesa ilianza mwaka 2007. M-Shwari, iliyoleta mikopo kwa simu, ilifuata mwaka 2012. Na Fuliza, imwezeshayo mtu kulipa zaidi ya fedha alizo nazo, ilikuja mwaka 2019. Vyombo hivi vina faida kubwa, na mara nyingi vimempeleka mgonjwa hospitali usiku wa manane. Lakini vilevile vimemwezesha kijana kula leo mlo atakaoulipia mwezi ujao, pamoja na ada juu yake. Mlo wa deni una ubaya huu: utamu wake huisha usiku ule ule, na uchungu wake huamka naye kila asubuhi.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema kwamba upishi ni sanaa, na sanaa yastahili malipo. Kweli kabisa, na mtu apendaye sanaa hiyo, aliyeweka akiba kwa ajili yake, aende ale kwa moyo mkunjufu, kama mwingine anunuavyo kitabu au kinanda. Wa pili atasema kwamba hoteli huwaajiri vijana wetu. Hilo nalo ni kweli, na mpishi na mhudumu ni watu wa kazi ya heshima. Wa tatu atasema kwamba kijana lazima aende huko ajifunze adabu za mezani. Hili nalikataa. Kushika uma na kisu hufunzwa kwa nusu saa. Kumnawisha mgeni mikono, kumngoja mzee aanze, kutomaliza nyama watoto hawajapata: hayo huchukua utoto mzima kujifunza, na wewe umekwisha kuyajua. Usiende mahali popote ukidhani huna adabu kwa kuwa tu hujui kisu kidogo ni cha nini.

Na mchoyo asishangilie maneno yangu. Mtu aliye na fedha, naye hamkaribishi yeyote, akajisifu kwamba ana busara, hana tofauti na yule aliye peke yake katika hoteli ya fahari. Wote wawili wamekula bila mgeni.

Basi, msomaji, siku yako itakapofika, jiulize mambo matatu kabla ya kuketi. La kwanza: fedha hizi ni zangu, au ni za mkopo, au za karo ya ndugu yangu? La pili: nimeketi na nani, na je, mtu huyu atatoka hapa akijua kwamba nimemheshimu? La tatu: kama ningekatazwa kumwonyesha mtu yeyote picha, wala kumsimulia, je, bado ningeutaka mlo huu? Ukijibu vema maswali yote matatu, lipa, ule, wala usihesabu tena.

Mfikiri mwalimu kijana aliyesomeshwa kwa kuku waliouzwa mmoja mmoja sokoni. Amepokea mishahara mitatu, amelipa madeni yake, ameweka akiba kidogo. Siku moja amchukua mama yake, amwingiza katika hoteli nzuri kuliko zote za mji, amketisha dirishani, na kumwambia achague apendacho. Mama huyo, aliyewahudumia wengine maisha yake yote, anahudumiwa. Anauliza bei, na mwanawe anakataa kumwambia. Mlo huo ukigharimu mshahara wa juma zima, mimi mwalimu wenu nasema ni wa rahisi. Hapo ndipo mtu amekula kama watu, na angekuwa amekula vilevile kama angemchinjia mama yake jogoo nyumbani.

Fedha ni zenu, na vinywa ni vyenu. Hakuna mwalimu awezaye kusimama mlangoni mwa hoteli kuwazuia. Lakini kila mnapotoa fedha nyingi kwa chakula, tazameni kiti kilicho mbele yenu. Kikiwa kitupu, au kimekaliwa na mtu msiyemjali, ahirisheni mlo huo mpaka mpate wa kukikalia.