Mgonjwa wa Ini Asipelekewe Kreti ya Soda

Mwezi huu tunataka kusema jambo ambalo huenda litawaudhi baadhi yenu, kwa kuwa linagusa desturi yetu njema ya kuwatazama wagonjwa. Tunaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Mama mmoja alifika hospitalini kwetu kumtolea damu ndugu yake aliyekuwa akingoja upasuaji. Damu yake ilipopimwa, kama ipimwavyo damu yote ya kuchangia, ikaonekana ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Yeye mwenyewe hakuwa akisikia ugonjwa wowote. Sisi wauguzi tukampa moyo, tukamwambia apumzike na ale vizuri. Majirani wa jumuiya yake nao wakamjia na upendo wao wote: glukosi, juisi za pakiti, kreti ya soda, kuku wa kukaanga. Shamba la alizeti akawaachia watoto.

Baada ya miaka mitatu alirudi. Alikuwa ameongezeka kilo 14, sukari imepanda katika damu, na picha ya altrasaundi ikaonyesha kwamba ini lake limejaa mafuta. Virusi navyo vilikuwa vingali mle mle. "Sista," alituuliza, "si mliniambia nile nipate nguvu?" Hatukuwa na la kujitetea. Ni kweli tulimwambia hivyo, wala hatukumweleza ale nini.

Ndiyo maana tunaandika. Wengi bado wanaamini kwamba mwenye homa ya ini hutibiwa kwa vitu vitamu. La hasha. Sukari haiui virusi. Sukari ikizidi mahitaji ya mwili, ini huigeuza kuwa mafuta, na sehemu ya mafuta hayo hubaki humo humo ndani ya ini. Mtu aliyekuwa na adui mmoja tunamwongezea wa pili kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa upendo.

Yafaa ieleweke kwamba maradhi haya mawili ni tofauti. Virusi vya B huingia kwa njia ya damu na majimaji ya mwili: mama humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, watu huambukizana kwa kujamiiana, kwa wembe au sindano iliyotumiwa na mwingine. Mafuta katika ini hayaambukizi. Huletwa hasa na unene, ugonjwa wa kisukari, vyakula na vinywaji vitamu kupita kiasi na mwili usiofanya kazi. Pombe nayo hujaza ini mafuta. Lakini mwisho wa njia zote mbili ni mmoja: ini hupata makovu, hukakamaa, na hatimaye laweza kuota saratani. Anayetembea katika njia zote mbili, hasa akiwa na kisukari pia, yuko katika hatari kubwa zaidi.

Kuna mtego mwingine. Mara nyingine mwenye mafuta katika ini huonekana kuwa na virusi vichache katika damu. Akisikia hivyo hufurahi, akaacha kliniki. Asiache. Ini laweza kuendelea kuharibika kimya kimya, kwa maana ini halilalamiki mapema. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopanua nafasi ya kuanza dawa za virusi hivyo, na miongoni mwa mambo ya kuangaliwa ni kisukari na mafuta katika ini. Kwa hiyo aliyeambiwa miaka ya nyuma kwamba hahitaji dawa, arudi amwulize daktari tena. Na aliyekwisha kuanza dawa, kama vile tenofovir, asiikatize mwenyewe, maana virusi vyaweza kuamka kwa nguvu.

Virusi vya B vikishakuwa vya kudumu, dawa huvituliza lakini ni mara chache sana kuviondoa kabisa. Mafuta, kinyume chake, yanaweza kupungua. Hapa ndipo penye tumaini. Mtu mnene mwenye kilo 80 akipunguza taratibu kilo 6 hadi 8, mafuta ya ini hupungua na uvimbe wake hutulia. Hahitaji chakula cha kununua mjini. Ugali wa uwele au mtama kwa kiasi, mlenda, kunde, maharage, na kuku wetu wa Singida achemshwe badala ya kukaangwa. Mafuta ya alizeti yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kiu ikatwe kwa maji. Atembee kwa miguu nusu saa, angalau siku tano kwa juma, au arudie jembe lake. Pombe aiache kabisa, awe na maradhi mamoja au yote mawili.

Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe, wala zisipikiwe pombe. Mwaka 2016 majirani zetu wa Dodoma na Manyara walipoteza ndugu kwa sumukuvu, na sumu hiyo ikikutana na virusi vya B huzidisha sana hatari ya saratani ya ini. Dawa za mizizi zinazouzwa mnadani eti za kusafisha ini nazo tuziogope. Baadhi huliumiza ini lile lile.

Sasa tuseme lile lililo gumu zaidi. Yule mama alipoanza kupungua, hakuogopa njaa. Aliogopa midomo. Sisi tulioanza kazi ya uuguzi katika miaka ya tisini tunakumbuka jinsi kukonda kulivyokuwa hukumu: mtu akipungua, kijiji kizima kilimtajia UKIMWI. Hofu hiyo haijaisha. Hata leo mtu akilegeza nguo zake, huulizwa anaumwa nini, naye huona afadhali anenepe apate heshima. Ndugu zetu, tusimwue mtu kwa maneno. Ukimwona jirani amepungua, mpe hongera kama mwenyewe amekueleza. La sivyo, nyamaza.

Wala tusimtenge. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sahani moja, kukohoa wala kupeana mkono wa amani kanisani. Tusidhani pia kwamba kila mwenye navyo alikuwa mzinzi. Wengi walivipata utotoni. Hapa nchini chanjo ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuchanjwa. Mume, mke na watoto wa mwenye virusi wapimwe, na ambao hawana kinga wachanjwe. Mama mjamzito apimwe mapema. Watoto wakamilishe chanjo zao za wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Tunatoa ombi kwa jumuiya zote. Mkienda kumtazama mgonjwa wa ini, acheni soda na glukosi dukani. Mpelekeeni fungu la mboga, papai moja, au nauli ya kwenda kliniki, maana wengine hukatiza matibabu kwa kukosa nauli tu. Na mwenye nafasi amsindikize jioni, watembee pamoja. Yule mama sasa anatembea na jirani yake mpaka kisimani na kurudi. Amepungua kilo 9. Virusi anavyo bado, na dawa yake humeza kila siku. Nguo zimemlegea, naye ameacha kuona haya.