Kijana akikamatwa, tuulize kwanza jina la kosa

Wamama, juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunajifunza siku likitufikia. Kijana ametoka alfajiri kwenda kuchimba. Jioni simu inalia: wamemkuta na mfuko wa mawe ndani ya konsesyo, yuko kasho.

Tunalojua kufanya ni kukimbilia pesa. Tunauza vitenge, tunakopa likelemba, na hatujajua bado anashtakiwa nini. Tuanze hapo. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayosikia, na aruhusiwe mara moja kuwasiliana na jamaa au avoka wake. Kwa watoto wetu wa Kolwezi lugha hiyo ni Kiswahili. Basi asitie sahihi kwenye PV ya Kifaransa kabla hajasomewa yote. Wengi wanatia sahihi kwa sababu ya njaa na usingizi tu.

Jina la kosa lina uzito. Wizi bila nguvu wala vitisho hauzidi miaka 5, na unakwenda kwenye tribinali ya amani, ile tunaita Tripaix. Neno «nguvu» likiingia ndani ya PV, ni miaka 5 hadi 20, na tribinali ni nyingine.

Andika pia saa aliyokamatwa. Polisi hawana ruhusa ya kumshika zaidi ya saa 48: wamwachilie au wampeleke parke. Majistra wa parke akitoa hati ya kumfunga kwa muda, kijana afikishwe mbele ya jaji ndani ya siku 5. Hapa wamama wengi wanalia wakifikiri ni hukumu. Siyo. Jaji huyo anaangalia tu kama angojee kesi nyumbani au gerezani Dilala. Akimwacha gerezani, amri ni ya siku 15, kisha inaweza kurudiwa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo siku ile njoo na karata yake ya uchaguzi na karatasi ya shefu wa kartye, waone kwamba ana kwao.

Kama hajafika miaka 18, peleka cheti cha kuzaliwa mbio. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inampeleka kwenye tribinali ya watoto, na aliye chini ya miaka 14 hahesabiwi kosa la jinai. Tunajua wenyewe ni wadogo kiasi gani wanaoshuka mashimoni.

Na wakisema «kijana amekimbia, tutamchukua mama yake»? Kifungu cha 17 kinakataza: hakuna anayekamatwa kwa kosa la mwingine. Liseme kwa sauti ya heshima, lakini liseme.

Pesa nayo: dhamana ya kumtoa kwa muda inalipwa kwa risiti, na inarudishwa kama alifika kila alipoitwa. Pesa inayotolewa mkononi nyuma ya ofisi hairudi. Asiye na uwezo aulize kwa baro ofisi ya mashauri ya bure.

Siku ya kesi jaji atamuuliza kijana mwenyewe. Ajibu alichoulizwa, asiongeze. Mama ukae nyuma, simu imezimwa. Akihukumiwa na hamkubali, mna siku 10 za kukata rufaa, zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa mbele yake.