Amplifaya ya Gari na Sikio la Kondakta

Hivi karibuni alikuja katika kliniki yetu ya masikio, pua na koo kijana mmoja ambaye ni kondakta wa daladala. (Baadhi ya mambo yake nimeyabadilisha ili asitambulike.) Hakuletwa na maumivu. Aliletwa na ugomvi: abiria husema "shusha", naye huliacha gari lipite kituo, kisha hutukanwa. "Dokta, mtu akigonga bati nasikia, jina la kituo nasikia, ila hilo neno 'shusha' linanipita," alinieleza. Dereva wake alidhani ni kiburi.

Kipimo cha usikivu kilitoa jibu. Sauti nzito alizisikia kama kijana yeyote wa umri wake. Kuanzia hezi 3,000 mstari uliporomoka, ukafika chini kabisa kwenye hezi 4,000, kisha ukapanda kidogo kwenye hezi 8,000. Mchoro huo ni sahihi ya kelele. Konsonanti "sh" na "s" hubeba nguvu yake kubwa katika eneo hilo la juu, ilhali irabu "u" na "a" hukaa chini. Neno zima lilikuwa likimfikia mgonjwa wangu likiwa irabu mbili tupu.

Nilimuuliza spika ya gari iko wapi. Akagusa kisogo chake.

Kabla sijaendelea, nikiri jambo moja. Mimi si adui wa muziki wa gari. Nilipopata gari langu la kwanza, redio iliyokuja nayo kutoka kiwandani ilikuwa ikikoroma kila nilipoipandisha, hivyo nikampelekea fundi anifungie amplifaya ndogo chini ya kiti pamoja na spika mpya milangoni. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri (fundi asiyeiweka hapo anakuachia hatari ya moto), kisha akachukua mawimbi kutoka kwenye nyaya za spika za redio ileile na kuyapitisha katika kifaa kidogo cha kuyapunguza ili amplifaya iweze kuyapokea. Sikubadilisha redio. Sauti ilibadilika kabisa, na mpaka leo sijutii. Kwa hiyo siungi mkono wenzangu wa tiba wanaotaka vifaa hivi ving'olewe katika kila gari. Ushauri wa namna hiyo hausikilizwi na mtu, na haugusi kiini cha tatizo.

Kiini ni hesabu ambayo sikio halijui kuipiga. Redio ya kiwandani inaweza kuandikwa wati 50 kwa kila spika, lakini kwa umeme wa gari nguvu yake halisi ni wati 20 hivi. Tuseme amplifaya inaipa spika hiyohiyo wati 200 halisi, na inatumika yote. Nguvu imeongezeka mara 10, yaani desibeli 10. Sikio, hata hivyo, huona kwamba sauti imeongezeka mara 2 tu. Mwenye gari anaridhika na hata anatamani zaidi. Lakini kinachoumiza seli za sikio la ndani ni ile nguvu yote mara 10. Kanuni tunayoitumia katika afya ya kazini ni kwamba desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: desibeli 88 saa 4, desibeli 91 saa 2, desibeli 100 dakika 15. Kondakta aliyekuwa na saa 8 sasa ana dakika zisizofika 50, naye hushinda mlangoni tangu alfajiri hadi usiku.

Kuna jambo la pili ambalo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha. Redio dhaifu inapokoroma inakuonya, na mkono wako unaipunguza wenyewe. Amplifaya nzuri huliondoa onyo hilo. Sauti ni safi, besi inagusa kifua, na hakuna kinachokwambia uache. Besi yenyewe ina visa vyake: mwaka 2004 madaktari wa Ubelgiji waliripoti wagonjwa ambao pafu lilipasuka na hewa kuvuja kifuani wakiwa kwenye muziki mkubwa, na mmoja wao alikuwa ndani ya gari lake, lenye spika ya besi ya wati 1,000. Ni nadra mno. Nakitaja kwa ajili ya mhudumu atakayempokea kijana mwenye maumivu ya ghafla ya kifua.

Tunaloliona kila wiki ni masikio yanayoziba jioni na kulia kama nyenje usiku, kisha asubuhi yanafunguka. Mgonjwa hudhani amepona. Utafiti uliofanywa Boston mwaka 2009 kwa panya wa maabara ulionyesha kwamba hata usikivu unaporudi kwenye kipimo, miunganiko ya neva ndani ya sikio inaweza kuwa imekwisha kupotea. Nazo seli za kusikia za binadamu hazioti upya, wala hatuna dawa ya kuziotesha.

Kwa wenzangu katika zahanati na vituo vya afya: swali la "unafanya kazi gani" halitoshi. Uliza spika iko wapi, na saa ngapi kwa siku. Uliza pia kama watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja hulazimika kupaza sauti ili waelewane. Wakilazimika, huenda desibeli 85 zimekwisha kupitwa. Kwa mwenye gari: mwambie fundi aweke spika mbali na vichwa vya watu. Kisha aangalie kile kitufe cha kuzungusha kilicho kwenye amplifaya, ambacho wengi hukidhania cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na mawimbi ya redio. Kikipangwa chini, redio itahitaji kupandishwa sana kabla haijaleta madhara. Kikifunguliwa hadi mwisho, mguso mdogo tu wa dereva unatosha.

Kijana wetu alimshawishi mwenye gari kuihamisha spika ile. Mlio masikioni umepungua, ila hezi zake 4,000 hazijarudi, na nilimwambia wazi kwamba hazitarudi. Siku hizi huwaomba abiria wagonge bati wanapotaka kushuka.