Mkopo wa Mauritius, Majani ya Kwenu

Wasee wa Kericho na Bomet, tuambiane ukweli. Unachukua mkopo wa sacco umpeleke dem Mauritius. Mnapiga picha kwa shimo la volkano la Trou aux Cerfs, sawa. Halafu mnalipa kiingilio Bois Chéri muonyeshwe… majani chai! Na wewe umesomeshwa na bonasi ya chai!

Wenzetu wanauza hadithi ya chai: shamba, kiwanda, makumbusho, kikombe cha kuonja. Sisi tunauza kilo tu, na mashine zinanyang'anya wachumaji kazi. Wageni wanasimamisha gari, selfi mbili, wameenda. Shilingi haibaki.

Makampuni yafungue mashamba, vijana walipwe kutembeza watu. Na wewe, kabla ya mkopo, mpeleke maporomoko ya Tenwek. Akikataa, umeokoa pesa.